Pudre ya ule mwaka ya double

Mama Mujinga,

Usimuulize mama yako ni nani aliniandikia hii barua. Usimuulize papa Kalala wala mutoto yoyote ya jirani. Niliandika minye mwenyewe, na mukono yangu, na hii bic ya blue yenye unatafuta tangu siku ya tano. Iko kwangu. Unisamehe juu ya bic, njo kitu ya kwanza. Kitu ya pili ni nzito zaidi, itakuja.

Leo ni siku ya Mungu, mangaribi. Mama yako alikupeleka ku kanisa bapasta bakuwekee mikono juu ya safari yako ya kesho, ya kwenda kusoma Lubumbashi. Minye nilisema mugongo inaniuma, nikabakia. Mugongo inauma kweli, sikudanganya. Ukipakiza majiwe mu bacamion ku Kakontwe siku sita, ya saba hata kuinama kuvua kiatu ni kazi. Lakini nilibakia juu ya kuandika. Nilitosha kameza yako ya masomo inje, nikaiweka fasi ya mwangaza, na sasa kuku ya mama yako inakuja kuniangalia sawa mwalimu.

Unanijua. Tukiwa ku chakula, weye na mama yako munasema, munacheka, minye ninaangalia. Bantu banafikiri muntu yenye kunyamaza iko na roho mubaya. Hapana. Kuko bantu yenye maneno yabo inapanda paka mu shingo, inabakia pale. Mama yangu alizaliwa na kamba ya kitovu ku shingo, njo maana bazazi bake balimuita Mujinga, sawa kwetu Kasai banaitaka mutoto wa vile. Weye ulipewa jina yake, njo maana ninakuita mama. Saa ingine ninafikiri ile kamba haikukatwa muzuri, ikakuja kunifunga minye.

Mambo ya kuamuka mbio kule utakaa kwa tantine, kuosha masahani mbele hajakutuma, kulinda nguo yako, mama yako anakuambia tangu juma ingine. Hata mulango ilisha kuyashika kwa kichwa. Sitarudilia. Ninataka kusema na weye juu ya siku moya tu. Unaijua. Miaka ine sasa hatuiseme mu hii nyumba.

Ulikuwa mu classe ya tatu. Siku ya proclamation, ya kusoma matokeo, weye unajua vile inakuwaka: masomo yote, batoto na bawalimu, iko inje mu lupango, bazazi benye nguo ya kanisa banakaa ku viti mbele, batoto banaimba, kiisha directeur anaita majina. Ule anaitwa anapita mbele, bantu banapiga mikono, mama yake anakimbia na pudre ya batoto, anamumwangia ku kichwa paka mutoto anakuwa mweupe sawa muhogo. Na bale benye hawaitwe, banapewa bulletin yabo, ile karatasi ya matokeo, pembeni, pole pole, bila kelele.

Minye sikukuwa ninakaa ku viti. Nilikuwa ninasimama nyuma, karibu na mulango, na nguo ya kazi. Miaka mbili ya kwanza ilikuwa vile, mama yako njo alikuwa anaenda mbele. Ule mwaka mama yako alikuwa mugonjwa, akanitumia na pudre, akaniambia: “Leo ni weye. Usisimame nyuma.” Nilisema ndiyo. Lakini ku Kakontwe camion moya ilikawia, na tukaikamilisha, na nilipanda kinga, baiskeli yangu, nikapiga pedale paka ku masomo yako kule Shituru na vumbi ya majiwe mu masikio. Nilipofika, majina ilikuwa ilisha kuitwa. Batoto balikuwa mu njia, beupe, banapiga kelele.

Weye ulikuwa peke, karibu na bomba ya maji. Ulinipa bulletin bila kuniangalia. Minye niliona haya, nikafikiri mutoto amekasirika juu nilichelewa.

Nilifungua ile karatasi. Sikukuwa najua kusoma, lakini nilijua kuangalia. Chini kabisa kulikuwa maneno mbili. Moya ilikuwa na musitari ya bic nyekundu ilipita katikati. Ingine ilibakia safi. Na ile safi niliijua! Ilikuwa DOUBLE. Niliijua sura yake sawa vile unajua sura ya muntu, juu ku kazi chef alikuwa anaiandika pembeni ya jina yangu siku ninafanya kazi mara mbili. “Leo uko double,” anasema. Na siku ya double ninarudiaka na unga mu mufuko na mukate ya weye. Mu maisha yangu hakukuwa neno ya French yenye nilipenda kushinda ile. Ile ingine yenye musitari, sikuangalia hata ilisema nini.

Nilisema: “Double?”

Ulisema: “Ndiyo, papa.” Sauti kidogo sana.

Basi, nilipasuka. Nilifungua ile pudre, nikakumwangia yote, paka kopo ikapiga hewa. Nilikupandisha ku kinga. Nilisukuma ile kinga kutoka masomo paka ku avenue yetu, nikiimba, minye! Nilikuwa ninasimama kila mita kumi ninacheza. Bamama bakatoka mu nyumba, bakapiga bigelegele. Mungine akaniuliza: “Papa Mujinga, ni nini?” Nikajibu: “Double! Mutoto alipata double!” Na kila mumoya alipiga kigelegele, juu hata yeye hakujua. Weye juu ya kinga ulikuwa unashika guidon na mikono mbili, unaangalia gurudumu ya mbele.

Papa Kalala alikuwa ku kiti yake mbele ya mulango, na lunette ku pua. Unajua yeye alikuwa karani, karatasi yoyote ikipita anaiita sawa mbuzi yake.

– Eh, Papa Mujinga! Kelele yote hii ni ya nini?

– Double, papa!

– Leta nione.

Alisoma. Akatosha lunette, akaipanguza na shati, akasoma tena. Kiisha akanivuta na mukono, akasema mu sikio, kwa heshima, kweli alitaka nisikie peke yangu:

– Bwana, double ni kubakia. Mutoto atarudilia ya tatu.

Lakini ule kijana wa kuchaji batelefone alikuwa anasikia. Alipiga kelele ya kupasula hewa:

– Iiih! Papa mujinga, mutoto Mujinga! Njo double ile!

Bantu bote bakacheka. Na minye nilijua ni maneno ya kuchekesha, hata leo ninaona ni ya kuchekesha. Jina ya mama yangu, yenye kwetu ni ya heshima, mu Swahili ya hapa ni muntu hana akili. Ku kazi bananiita Papa Mujinga kila siku na banacheka, minye ninapakiza jiwe. Lakini ile siku nilikuwa nilisha kucheza mbele yabo. Muntu yenye hachezake akicheza, anavua nguo yote.

Nilikutosha ku kinga na nikakupiga kofi. Moya. Kiisha ingine.

Pudre ilikuwa ku nywele, ku nyushi, ku midomo. Machozi ilifungua njia mbili mu ule weupe, na ngozi yako ikaonekana. Haukukimbia. Ulisema:

– Papa, nilitaka kukuambia. Lakini sijakuonaka unacheza.

Nilisikia. Nilijifanya sikusikia, nikaingia mu nyumba. Ile maneno, mama, miaka ine iko inanipigia mulango.

Tangu ile siku sikurudia tena ku proclamation. Kila mwaka nilisema: kazi. Na siku moya, ulikuwa mu ya ine, nilikuwa inyuma ya nyumba ninatengeneza mupira ya kinga, nikasikia unamuambia mama yako: “Papa anaona haya na minye.” Mama yako alisema hapana, ni kazi. Weye ulisema: “Ni haya.” Ulisema kweli, lakini haukujua haya ya nani. Ilikuwa ya minye. Na sikukuja kukuambia. Nilikuwa na pampu mu mukono, ulikuwa karibu sawa kuku hii. Nilibakia kupampu paka mupira ikakuwa sawa jiwe.

Sasa nikuambie kitu. Kila siku ya sita mangaribi, nilikuwa ninasema ninaenda kufanya double ku kazi. Ilikuwa bongo, nilikudanganya. Mama yako peke njo alijua, na nilimukataza kusema. Nilikuwa ninaenda ku masomo yenu. Mukitoka shiye tunaingia, bakubwa, kujifunza kusoma. Na unajua balituweka wapi? Mu classe ya tatu. Nilikaa ku banc ya mbele, karibu na dirisha, fasi ulikaa weye miaka mbili. Niliijua juu jina yako iko pale, ulikwarura na kisu ao na compas. Ilikuwa neno ya kwanza nilisoma bila muntu kunionyesha.

Magoti yangu ilikuwa inapiga meza. Pembeni yangu kulikuwa mama mumoya mukubwa, muuzishaji wa samaki ya kukauka, kila juma alikuwa ananisukuma: “Kijana, kunja ile miguu, unakula fasi yangu, na A yangu haina fasi ya kusimama.” Na mwalimu alikuwa Madame Béa. Ule ule alikufundisha. Siku ya kwanza aliniangalia, akasema: “Weye njo papa ya Mujinga?” Nilitaka kutoka. Alisema: “Kaa. Mutoto yako naye alikuwa ananyamaza, nilifikiri hajue, kumbe alikuwa anaogopa kuuliza.”

Nilikaa. Ile neno ilinichoma. Kuogopa kuuliza, weye uliitosha wapi? Hauwezi kuikopa kwa mama yako, yeye anauliza hata maji inaenda wapi.

Nilikuwa nililinda ile bulletin mu kasashi ya plastiki, ku mufuko ya koti. Miezi mingi. Siku moya bengine balitoka, nikamupelekea Madame. Nilimuuliza, chini ya yale maneno mbili, mu herufi kidogo sana, kuko nini imeandikwa. Alisoma: biffer la mention inutile. Nikamuuliza, maana yake?

Alisema: “Ni kusema mwalimu akate neno yenye haina kazi. Papa, ile musitari haichague. Inatupa. Neno yenye inabakia safi njo ya kweli.”

Hapa PASSE, kusema anapita, ilikatwa, DOUBLE ilibakia. Vile tu.

Nilirudia nikisukuma kinga, sikuipanda. Nilikuwa ninafikiri, hata kama ningejua kwamba musitari inatupa, ningekupiga kofi mu lupango ya masomo, mbele ya directeur. Kusoma kungebadilisha fasi ya kofi tu. Kosa haikukuwa mu macho. Ilikuwa kwamba nilitaka bantu banione papa ya muntu, siku moya tu, na weye njo nilikutumia sawa ngoma.

Kiisha, sikiliza hii, utacheka. Mwisho ya mwaka Madame alitupa dictée, yeye anasoma, shiye tunaandika. Minye nilianguka. Alinikuta inje, akasema: “Papa Mujinga, utarudilia kitabu ya kwanza pamoja na bapya.” Nili-double, mama! Papa yako ali-double. Nilikaa ku ngazi ya masomo, kichwa chini. Ule mama wa samaki alipita, alikuwa na muhindi ya kuchoma mu karatasi, akaivunja mara mbili, akanipa kipande. Alisema: “Kula. Double haiue muntu.”

Nilikula ile muhindi nikijiuliza: ule mwaka, weye, nani alikupa hata muhindi?

Sasa nafika ku hii mwaka. Ku proclamation ya bale ba classe ya sita. Nilikuambia niko ku kazi. Haikukuwa kweli. Nilikuwa inje ya lupango ya masomo, fasi ya ile matofali yenye matundu, karibu na bauza-beignets, bale ba mandazi. Nilioga. Nilivaa shati ya kanisa. Nilikuwa na pudre mu mufuko, kopo mupya.

Nilikuona. Ulikuwa mustari ya pili, na soksi nyeupe. Directeur alisema kuko mutoto wa masomo hii yenye ilibakia mu ya tatu, na leo ni wa pili ku ya sita yote. Kiisha aliita jina yako. Nyuma kukawa ile kicheko, unajua, ya Mujinga. Ikakatika yenyewe. Bantu balipiga mikono, hata bale bauza-beignets inje balipiga bila kujua ni ya nani, na minye nilipiga pamoja nabo, pole pole, ili wasijue ni ya minye.

Batoto bengine bote balikuwa beupe. Mama yako alikukumbatia, lakini pudre hakuleta, juu alijua minye nilikuwa nayo. Alikuwa anangoja niingie. Weye uliangalia ku mulango. Mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu uliweka mukono ku kichwa, sawa muntu anataka kujua kama kuko kitu.

Na sikuingia. Nilifikiri: nikimufungulia hii kopo, harufu yake itamukumbusha. Atakunja uso, atangoja kofi. Nilisema ni juu ya kukulinda. Haikukuwa vile, nilikuwa naogopa. Ulirudia mu njia yote na kichwa safi, kati ya batoto beupe, na weye njo ulikuwa wa pili. Ile ni kosa yangu ya pili, na ninaona ni nzito kupita ya kwanza. Kofi nilipiga na kasirani, haraka. Ile siku nilikuwa na wakati yote.

Mukono inachoka. Bic ni nzito kushinda jiwe, usicheke. Jiwe haikuulize kama inaandikwa na herufi moya ao mbili.

Hapa balicheka jina ya mama yangu, na kule Lubumbashi yako batacheka pia. Siku ya kwanza mwalimu akiisoma. Sina dawa. Minye nilinyamaza miaka makumi tatu na haikunisaidia. Pengine weye uwaambie maana yake: mutoto yenye alifungwa shingo na akapita. Ao ucheke pamoja nabo. Utaona mwenyewe. Kitu moya tu ninalomba, ukiona neno na unafikiri unaijua juu inafanana na yenye unapenda, uliza. Hata ukionekana mujinga. Shiye jina tuko nayo tayari.

Ninasikia bantu ba kanisa banatoka, banaimba mu njia. Nitakunja hii barua na kuiweka mu kiatu yako ya kulia, juu najua unavaaka ya kulia kwanza. Miaka yote ninaangalia, mama, ninanyamaza tu.

Kesho asubui taxi-bus itakuwa ku rond-point. Nitabeba mufuko yako ku kinga. Pudre itakuwa mu mufuko ya shati. Chini hapa niliandika sentensi mbili, sawa vile ku bulletin. Kata moya, unipe karatasi mbele ya kupanda. Bic nitakurudishia sasa, utaikuta pamoja na barua.

Ukikata ya kwanza, nitapakiza mufuko yako vile vile, nitakuambia safari muzuri, na pudre itarudia nyumbani. Hakuna muntu atakupiga juu ya kile uliandika. Na kama haujue bado, acha zote mbili bila musitari. Itakuwa double. Nitarudilia mwaka, nilisha kuzoea.

Hata papa Kalala akiwa pale na lunette yake, usimupe. Nitasoma minye mwenyewe.

Papa yako

Ninamusamehe papa (1)

Simusamehe papa (1)

(1) Kata neno yenye haina kazi.